"Mwandishi wetu" aliyelipwa na kampuni

Haya ni mazungumzo ya juma kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, siku moja hivi karibuni nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu baada ya chakula cha jioni, rimoti mkononi, natazama taarifa ya habari. Ikaja habari ya bibi mmoja mkulima wa mbogamboga. Bibi huyo alikuwa amekopeshwa fedha na benki fulani, akanunua pampu ya maji, na sasa anamwagilia mchicha na nyanya hata wakati wa kiangazi, na anasomesha wajukuu watatu. Ilikuwa habari nzuri. Bibi mwenyewe mcheshi, amejifunga kanga yake vizuri, na alipoulizwa zamani alikuwa akimwagiliaje, aliangua kicheko kabla ya kujibu kwamba alikuwa akibeba ndoo kichwani. Nyuma yake kuku mmoja mwekundu alipita polepole kutoka kushoto kwenda kulia.

Habari ilipokwisha nikabadilisha, nikaenda kituo kingine. Baada ya dakika chache nikamwona bibi yuleyule. Kanga ileile. Akacheka palepale alipocheka kwanza. Na kuku naye akapita, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kilichobadilika ni sauti tu. Katika kituo cha kwanza aliyesimulia alikuwa kijana wa kiume, katika kituo cha pili alikuwa binti, na kila mmoja alimaliza kwa kutaja jina lake na jina la kituo chake, kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda shambani akakanyaga matope. Sasa mimi na wewe, ndugu msikilizaji, tujiulize. Je, waandishi wawili wa vituo viwili vinavyoshindana walipanda gari moja wakaenda kwa bibi mmoja siku moja? Au kuku yule alikuwa na ratiba?

La hasha. Hakuna aliyekwenda. Nilimpigia simu rafiki yangu anayefanya kazi katika kimojawapo cha vituo hivyo, naye hakunificha. Picha zile zilipigwa na watu waliolipwa na benki. Zikahaririwa na watu waliolipwa na benki. Saa sita mchana zikaingia kwenye simu ya mhariri, pamoja na maneno ya kusoma, na saa mbili usiku zikaingia sebuleni kwangu zikiwa zimevaa koti la "mwandishi wetu".

Jambo hili lina jina lake. Wamarekani, ambao ndio walioikuza biashara hii tangu miaka ya 1980, wanaiita kwa herufi tatu, VNR. Ni ndugu wa ile taarifa kwa vyombo vya habari tunayoijua sote, karatasi yenye nembo ya kampuni inayosema mkurugenzi amefurahi sana, ila hii imeacha karatasi ikaja kwa picha na sauti. Mimi leo nitaiita habari ya kupewa.

Inafaa tujue inavyotengenezwa, maana ufundi wake ni mkubwa. Kampuni yenye bidhaa mpya, au yenye jina lililochafuka, huenda kwa kampuni ya uhusiano. Kampuni hiyo ya uhusiano huajiri watu ambao mara nyingi walikuwa waandishi wa televisheni zamani, watu wanaojua kabisa mhariri anapenda nini. Hawatengenezi tangazo. Hakuna wimbo, hakuna bei, hakuna mtu anayekuhimiza ununue leo. Wanatengeneza habari ya dakika moja na nusu hivi, yenye mwanzo wa kuvutia, mtaalamu mmoja, na mteja mmoja aliyeridhika. Bidhaa yenyewe inapita kama yule kuku, kidogo tu, ila inapita.

Halafu wanakukabidhi kifurushi kizima. Kuna habari iliyokamilika yenye sauti ya msimulizi, kwa kituo kisicho na muda. Kuna habari hiyohiyo bila sauti ya msimulizi, ili mwandishi wa kituo aweke yake. Kuna picha za ziada, majengo, mitambo, watu wanatembea, kwa mhariri anayetaka kukata na kuunga mwenyewe. Kuna mahojiano mafupimafupi. Na kuna karatasi yenye maneno ya kusoma, hata yale ya mtangazaji aliyeko studio anapoikaribisha habari hiyo. Kazi yote imefanywa. Kilichobaki ni kubonyeza.

Zamani kifurushi hicho kilikuja kwa kanda, kwa posta au kwa tarishi. Baadaye kikarushwa kwa setilaiti, na kituo kikapata faksi inayoeleza saa na setilaiti ya kutegea. Huko New York ilianzishwa kampuni ya Medialink mwaka 1986, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa ni hiyo, kuzifikisha habari za kupewa kwenye vyumba vya habari. Na kampuni ya Nielsen, ile inayohesabu watazamaji wa televisheni Marekani, ikawa na huduma iliyoitwa Sigma. Ndani ya picha waliweka alama ambayo jicho halioni, na mitambo yao ikaweza kusema ni kituo gani kimeitumia kanda ile, saa ngapi, kwa sekunde ngapi. Kwa hiyo mwenye bidhaa alijua kilichorushwa na kituo vizuri kuliko mtazamaji wa kituo hicho.

Kwa nini kampuni zigharimie yote haya, wakati zinaweza kununua tangazo? Jibu analo kila mtu mwenye televisheni nyumbani. Tangazo likianza, baba anakwenda msalani, mama anakwenda kugeuza chapati, watoto wanaanza kugombana. Taarifa ya habari ikianza, baba anasema nyamazeni. Kampuni ikinunua tangazo inanunua nusu dakika ya muda wetu. Habari ya kupewa inainunulia ule ukimya wa baba, na kwa bei ndogo kuliko ya tangazo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinatembezwa, na anayevitembeza ni mimi mwandishi.

Lakini tusiwe watu wa kulaani tu. Nitakupa mfano wa habari ya kupewa iliyofanya kazi ya halali.

Mwezi Juni mwaka 1993, katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington huko Marekani, ilitolewa taarifa kwamba ndani ya kopo la soda ya Diet Pepsi kumekutwa bomba la sindano. Unaweza kufikiri hofu iliyozuka. Miaka ile watu walikuwa wanaogopa ukimwi kuliko simba. Haukupita muda, malalamiko ya aina hiyo yakatoka katika majimbo zaidi ya 20. Kampuni ingeweza kutoa karatasi yenye nembo ikisema si kweli. Nani angeisoma? Badala yake Pepsi walipeleka kamera kiwandani. Wakapiga picha za mtambo wa kujazia makopo. Makopo matupu yanakuja kwa kasi yakiwa yamepinduliwa, yanasafishwa, yanageuzwa, yanajazwa na kufungwa, na kopo linabaki wazi kwa muda usiofika sekunde moja. Picha hizo zikarushwa kwa setilaiti kwa vituo vyote vilivyozitaka. Mtu akiziangalia anajiuliza mwenyewe, sindano ingeingilia wapi? Na ingeingiaje katika viwanda vingi, katika majimbo zaidi ya 20, kwa juma moja?

Kisha likaja la pili. Kamera ya ulinzi katika duka moja jimboni Colorado ilimnasa mwanamke akitia kitu kinachofanana na sindano ndani ya kopo. Pepsi wakazisambaza na picha hizo. Watu kadhaa walikamatwa kwa malalamiko ya uongo, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikasema hapakuwa na sababu ya kuondoa soda hiyo madukani, na kabla mwezi haujaisha jambo lote likawa limezimika.

Naupenda mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, kilichoonyeshwa kilikuwa kweli. Pili, na hili ndilo kubwa, hakuna aliyedhani kwamba mwandishi wa televisheni alijiingiza mwenyewe kiwandani. Kila mtu alijua Pepsi ndio wanaojitetea, na kila mtu aliuangalia mtambo ule akijua hivyo. Mtuhumiwa amesimama kizimbani, ametoa ushahidi wake, na jina lake limeandikwa mbele yake.

Tatizo linaanza pale jina linapofutwa.

Mwaka 2006 shirika moja la Marekani linalofuatilia masuala ya habari, Center for Media and Democracy, lilitoa ripoti ya kazi ya miezi kumi. Walizikusanya habari za kupewa 36, wakazifuata kama mtu anayefuata ng'ombe kwa alama ya chapa. Wakazikuta katika vituo vya televisheni 77. Waliozilipia walikuwa pamoja na General Motors, Intel, Pfizer na benki ya Capital One. Zaidi ya theluthi moja ya mara hizo, kituo kilirusha kitu kizima kama kilivyoletwa, bila kukata hata neno. Mahali pengine waandishi walisoma maneno ya kampuni kwa sauti zao wenyewe, chini yake limeandikwa jina la kituo. Ndugu msikilizaji, niliposoma ripoti ile nilimkumbuka kuku wangu, ingawa alikuwa bado hajazaliwa.

Marekani wana sheria juu ya jambo hili, na si ya jana. Tangu mwaka 1927, redio ilipokuwa bado kitu cha ajabu, sheria yao inataka kituo kikilipwa kutangaza jambo, kimtaje aliyelipa. Mwaka 2007 Tume yao ya Mawasiliano, FCC, ikaitoza kampuni ya Comcast faini ya dola 4,000 kwa kurusha habari ya kupewa iliyohusu bidhaa ya kuleta usingizi. Mwezi Machi 2011 ikaviandama vituo vingine viwili, dola 4,000 kila kimoja. Cha kwanza kiko Minneapolis, kilirusha habari kuhusu magari ya wazi yasiyo na paa, na magari yaliyosifiwa yalikuwa ya General Motors. Cha pili kiko New Jersey, kilirusha habari ya afya iliyohusu dawa za mafua ziitwazo Zicam.

Utetezi ulikuwa ule utakaousikia hata hapa kwetu. Sisi hatukulipwa, wakasema. Hatukupokea hata senti. FCC ikajibu, kwa lugha ndefu ya wanasheria, kwamba kanda yenyewe ndiyo malipo. Umepewa bure kitu ambacho ungetumia gari, mpiga picha na siku nzima kukipata, na wewe kwa malipo umelitaja jina la bidhaa kupita kiasi kilichohitajika kuielewa habari. Mimi si mwanasheria, lakini hili nalielewa. Jirani akikuletea sahani ya pilau kila Ijumaa, halafu siku moja ukaitwa kuwa msuluhishi wa ugomvi wake wa mpaka wa kiwanja, usiseme hukulipwa.

Dola 4,000 kwa kituo kikubwa cha Marekani ni fedha ya chai. Lakini hebu tuiangalie ile Zicam. Mwezi Juni mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi waache kutumia aina za dawa hiyo zinazotiwa puani, baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 130 ya watu waliopoteza uwezo wa kusikia harufu. Wengine ulipotea moja kwa moja. Sisemi kwamba habari ile ya New Jersey ndiyo iliyowapeleka dukani. Hakuna anayeweza kujua hilo. Nasema tu kwamba kuna tofauti kati ya mtu anayetia dawa puani kwa sababu mwenye dawa amemwambia ni nzuri, na mtu anayeitia kwa sababu ameisikia katika taarifa ya habari. Wa kwanza anajua anabahatisha.

Wala tusidhani kampuni ndizo peke yake zenye ujanja huu. Serikali ya Marekani yenyewe mwaka 2004 ilikemewa na wakaguzi wa Bunge lake, kwa kutengeneza habari za kupewa zinazosifia sheria mpya ya dawa za wazee, zikisomwa na mwanamke wa kukodiwa aliyejitaja kama mwandishi aliyeko Washington. Na wanaharakati nao wamo. Mwaka 1995 kampuni ya mafuta ya Shell ilitaka kulizamisha katika bahari ya Atlantiki tangi lake kubwa la kuhifadhia mafuta, Brent Spar. Vijana wa Greenpeace wakalipanda tangi hilo wakiwa na kamera zao na mitambo yao ya setilaiti. Picha zilikuwa za kusisimua, boti ndogo zinapigwa na mabomba ya maji, nazo zilikuwa za bure. Vituo vya Uingereza vikazirusha usiku hadi usiku. Wajerumani wakasusia vituo vya petroli vya Shell, na tarehe 20 Juni kampuni ikasalimu amri. Miezi michache baadaye Greenpeace wakaomba radhi, maana hesabu yao ya mafuta yaliyobaki ndani ya tangi haikuwa sahihi. Na wakuu wa habari wa televisheni, walipokutana Edinburgh mwezi Agosti mwaka huohuo, walikiri kwamba wao wenyewe walikuwa wamebebwa na mkondo. Mwenye kamera nzuri ndiye aliyeshinda, na safari ile hakuwa kampuni.

Sasa turudi nyumbani.

Rafiki yangu mmoja ni afisa uhusiano, mtu mwungwana, tulisoma wote diploma ya uandishi wa habari. Nilipomsimulia habari ya bibi na kuku, alinijibu hivi: bibi ni wa kweli, pampu ni ya kweli, mkopo ni wa kweli, wajukuu wanasoma. Kosa liko wapi? Ni swali zuri, na lazima nilijibu.

Kosa haliko katika kilichoonyeshwa, liko katika swali ambalo halikuulizwa. Mwandishi akienda kwa bibi yule, hata mwandishi mvivu, atauliza riba ni kiasi gani. Atauliza dhamana ilikuwa nini, shamba au nyumba? Atauliza kama jirani naye alikopa, na kama pampu ya jirani bado iko. Huenda majibu yote yangekuwa mazuri na benki ingezidi kung'ara. Lakini kamera iliyolipwa na benki haivuki ua kwenda kwa jirani. Haiwezi. Aliyeituma hakuituma huko, na wala simlaumu, yeye anafanya kazi yake. Wa kulaumiwa ni yule aliyelipwa mshahara ili avuke ua, akakaa ofisini akasoma karatasi.

Na najua kwa nini alikaa ofisini. Mimi niko katika kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Gari ni moja, nalo limekwenda kwenye semina kwa mheshimiwa. Mpiga picha mmoja anaumwa. Waandishi watatu walipunguzwa kazi mwaka jana na nafasi zao hazijajazwa. Saa mbili usiku haisubiri mtu. Katika hali hiyo, kifurushi cha dakika moja na nusu, picha safi, sauti safi, ni kama maji kwa mtu aliyetoka jangwani. Hali kadhalika, idara ya biashara iko ghorofa hiyohiyo, na benki ile ni mteja wa matangazo. Mhariri hahitaji kuambiwa.

Nasema najua, kwa sababu na mimi nilifanya.

Ilikuwa mwaka 2011, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme. Nilikuwa zamu siku ya Jumamosi katika redio niliyokuwa nikifanya kazi, sisi wawili tu na fundi mitambo. Ikaletwa flashi na kijana wa pikipiki, kutoka kwa kampuni ya uhusiano. Ndani yake habari ya dakika tatu, tayari kabisa, kuhusu mitambo midogo ya sola ambayo kampuni moja ilikuwa inaiuza. Kulikuwa na sauti ya mtaalamu akieleza kwamba mtambo mmoja unatosha kuendesha duka dogo. Kulikuwa na mteja anayeshukuru. Kulikuwa na jenereta inayonguruma, halafu inazimwa, kimya, ndege wanalia. Ilikuwa kazi nzuri sana, na mimi sikuwa na habari ya kujaza saa kumi jioni. Nikaitia hewani. Katika kuikaribisha nikasema maneno ambayo kinywa kimeyazoea: "Mwandishi wetu ametuandalia taarifa ifuatayo."

Kiasi cha miezi mitatu baadaye, mlinzi akanipigia simu ya ndani kwamba kuna mzee ananiuliza mapokezini. Nikashuka. Alikuwa kinyozi kutoka Mbagala. Alikuwa amenunua mtambo ule kwa shilingi 380,000, fedha aliyoichanga na nyingine akakopa kwa shemeji yake. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikifanya kazi kwa muda usiozidi saa mbili, kisha betri inakata. Mara ya mwisho ilimkata mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Dukani walikomnunulia walimwambia ameitumia vibaya.

Nilimwambia, mzee, shikamoo, lakini malalamiko haya ungeyapeleka kwa kampuni, sisi ni redio tu.

Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Marahaba, mwanangu. Kwa kampuni nimeshafika. Nimekuja kwako kwa sababu mimi sikununua kwa kusikia tangazo. Tangazo ningelijua ni tangazo, ningeuliza bei kwa watatu, ningemuuliza fundi. Nilisikia kwenye taarifa ya habari. Nikasema hawa wameshaulizia."

Sikuwa na la kusema. Akaniuliza kama mwandishi yule aliyeandaa taarifa yupo, ili amwonyeshe ile betri. Alikuwa ameibeba kwenye mfuko wa rambo. Nikamwambia hayupo. Hilo halikuwa uongo. Hakuwahi kuwepo, na mpaka leo silijui jina la mtu ambaye nilimwita mwandishi wetu. Nilikuja kuulizia baadaye nikaambiwa hata yule mtaalamu alikuwa mwajiriwa wa kampuni.

Maadili ya kazi yetu, yale ya Baraza la Habari Tanzania lililoanzishwa mwaka 1995, yanatukataza kuchukua hongo, na sote tunaijua vita ya bahasha. Lakini siku ile mimi sikupokea bahasha. Sikupokea hata soda. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulikamata. Mwandishi anarudi nyumbani usiku akijiona msafi.

Tangu siku hiyo, katika zamu zangu, nilianza utaratibu mdogo. Ikiletwa habari ya kupewa, kwanza tunaulizana kama ina jambo ambalo msikilizaji anahitaji kulijua. Nyingi hazina, zinaishia kwenye droo. Ikiwa inalo, tunampigia simu mtu mmoja ambaye jina lake halimo ndani ya kifurushi. Fundi, mnunuzi mwingine, mshindani, yeyote. Simu moja haihitaji gari. Na tukitumia sauti yoyote iliyomo, tunasema kabla haijaanza kwamba sauti hii imetayarishwa na kampuni fulani. Kwenye televisheni ingekuwa rahisi zaidi, maandishi madogo pembeni, picha kwa hisani ya fulani, yakae pale muda wote picha zinapoonekana. Yasipite kama mwizi.

Nawe mtazamaji unaweza kujikinga kidogo. Angalia kama mwandishi mwenyewe anaonekana mahali pa tukio, au anasikika tu. Angalia kama kuna hata mtu mmoja mwenye shaka. Na ukiweza, badilisha kituo, umtafute kuku.

Basi mara ya kwanza tulipoutumia utaratibu ule wa kumtaja mwenye habari, afisa uhusiano wa kampuni moja alinipigia simu kesho yake. Hakuwa amekasirika, alikuwa na ombi. Alisema kumtaja ni sawa, hana tatizo, ila je, tungeweza kulitaja jina la kampuni mwishoni, badala ya mwanzoni, maana mwanzoni watu wanaacha kusikiliza. Nikamwambia hapana, ni mwanzoni. Akasema sawa, dada, nimekuelewa. Hajaniletea flashi nyingine.